Somo la afya na malezi limekosa somo: nani hasa amfundishe mtoto wetu wa shule ya msingi?

#1 Mwalimu Mkoroshoni (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita katika shule moja ya kijijini huku wilaya ya Newala, na huu ni mwaka wangu wa nne tangu nipangiwe kituo hiki nikitokea Kanda ya Ziwa. Jumatano iliyopita nilifika kwenye mabadiliko ya mwili wakati wa kubalehe. Nilikuwa nimejiandaa: nilichora ubaoni mfumo wa uzazi kwa chaki za rangi, na usiku wake nilikuwa nimejizoeza nyumbani kuyataja maneno yote bila kukohoa. Nilipotamka "hedhi" wavulana walicheka, na hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba wasichana wa madawati ya nyuma waliinamisha vichwa kwa pamoja, kama waliopewa amri, na mmoja wao, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kunyoosha kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hayo hayasemwi hapa."

Wakati wa mapumziko alinifuata kuniomba radhi. Alinieleza kwamba Desemba alichezwa unyago, kwamba yote niliyoyachora anayajua na mengine zaidi, na kwamba somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda huko, alimwonya kuwa atakayeyatoa nje yatamrudi.

Sasa naomba tujadiliane. Serikali inanitaka nimfundishe mtoto huyu kuujua mwili wake, kujilinda, kujithamini na kuishi na wenzake. Somo wake wa unyagoni amekwisha kumfundisha kwa namna yake na amemfunga mdomo. Mzazi anadhani mmoja wetu amemaliza kazi, kwa hiyo yeye hasemi chochote. Dai langu ni kwamba somo hili lina walimu watatu na halina mwenyewe. Je, nimekosea?

#2 Bibi wa Mikindani

Mwanangu mwalimu, hukukosea kuuliza, ila umeingilia mlango wa nyuma. Mimi nimekuwa somo kwa mabinti wengi kabla magoti hayajaanza kunisumbua, na nakuambia kuwa lile alilokujibu mtoto lilikuwa heshima, wala si ujeuri. Mwali hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo, na moja ya mambo ya kwanza anayofundishwa ni kujua mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Wewe ni mwanamume, ni mgeni, umesimama mbele ya wavulana wenye tai shingoni, halafu unamtaka aseme. Angesema, mimi ndiye ningesikitika.

Lakini nitakuambia na la upande wetu. Zamani binti alichezwa baada ya kuvunja ungo, na mambo aliyoambiwa yalimkuta mwilini mwake. Siku hizi naletewa watoto wa miaka minane au tisa, meno ya mbele ndiyo kwanza yamemaliza kuota, mama anasema nimfunde kila kitu kwa kuwa sherehe ni moja na gharama ni kubwa. Namfundaje mtoto huyo habari za mume? Niliwahi kumrudisha mmoja nyumbani, na mama yake hakunisalimu mwaka mzima.

#3 Msafiri wa Kati

Nadhani tunazunguka tu. Hizo ngoma ndizo zinazowaharibu mabinti, na pamoja na huo ukeketaji unaofanyika humo, zingepigwa marufuku moja kwa moja ili walimu wafundishe kwa amani.

#4 Muuguzi Mstaafu

Ndugu wa #3, rekebisha kwanza taarifa yako. Ukeketaji ni tatizo la kweli nchini, na takwimu za kitaifa kwa miaka mingi zimeionesha mikoa kama Manyara, Dodoma, Arusha, Mara na Singida kuwa juu. Unyago wa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni mafunzo, ngoma na sherehe, na wembe haumo. Tukichanganya mambo haya mawili tunawatukana akina mama wa Kusini bure, na kisha tunashangaa wanapokataa kutusikiliza tukiwaendea na ujumbe wa afya.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze kwa nini shule haiwezi kumwachia kungwi somo hili lote. Nilifanya kazi zahanati za vijijini, Lindi na Mtwara, na tulikuwa tunakwenda shuleni kugawa dawa za kichocho na za minyoo. Mtoto husimamishwa kando ya kijiti chenye alama za urefu, na alama anayoifikia ndiyo inayoonesha idadi ya vidonge atakavyomeza. Siku moja mvulana wa darasa la tano, mrefu, mcheshi, alikataa vidonge. Nilimchukua pembeni. Akaniambia kwamba yeye si mgonjwa, amekua tu, kwa sababu anakojoa damu kama kaka yake alivyokojoa, na kaka yake amemwambia kuwa huko ndiko kuvunja ungo kwa wanaume. Alikuwa na kichocho kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Katika jando lake hakuna aliyemwambia, na darasani somo la kichocho lilikuwa mchoro wa konokono na mishale inayozunguka, ambao aliunakili vizuri sana bila kuuhusisha na bwawa analoogelea kila Jumamosi.

#5 Mwalimu wa Zamani

Shikamoo kwa Bibi wa #2, na kwa wengine salaam. Nilishika chaki mwaka 1978 na nimestaafu nikiwa wilaya ya Nachingwea. Nimeyaona masomo haya yakibadilishwa majina kama mwali anavyobadilishwa jina: tulikuwa na Siasa na Sayansikimu, ikaja Uraia, zikaja Stadi za Kazi, ikaja Haiba na Michezo, hatimaye Uraia na Maadili. Kila jina jipya lilikuja na semina, posho na kitabu ambacho kilifika Nachingwea mwaka wa pili yake.

Kwa maoni yangu kilichoua somo hili si unyago wala aibu ya mwalimu. Kilichoua ni mtihani. Jambo lisiloulizwa darasa la saba mwalimu mkuu hulipa kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa, na mwalimu hukitumia kipindi hicho kumalizia Hisabati. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, na sioni sababu ya kuficha. Wakati wa Sayansikimu tulikuwa na jiko la shule, wasichana na wavulana walipika uji, walifua, waliosha kidonda cha mwenzao, na yale mafunzo ya kuheshimiana yalikuwa yanapita humo humo bila kuitwa mafunzo.

#6 Chaki Nyeupe

Mwalimu wa #5, naheshimu uzoefu wako, ila hoja ya mtihani haisimami yote. Uraia na Maadili limekuwa miongoni mwa masomo sita ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kila somo likiwa na alama 50 na jumla kuwa 300. Kwa hiyo linatahiniwa. Tatizo ni namna linavyotahiniwa. Mtoto anaulizwa ni kitendo kipi kinaonesha kujithamini, anachagua herufi, anapata alama, kisha anatoka nje na kumzomea mwenzake aliyechafua sketi. Mimi nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeongoza darasa katika somo hilo na ndiye aliyekuwa akiwatoza wadogo shilingi 50 ili awaruhusu kuingia chooni.

Jambo la pili, kwa faida ya wazazi wanaosoma hapa: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Humo maadili yameunganishwa na historia katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili wana Afya na Mazingira. Kwa hiyo mwanao wa darasa la tatu na dada yake wa madarasa ya juu wanaweza kuwa wanasoma masomo yenye majina tofauti katika shule moja. Msidhani kwamba mtoto amepoteza daftari.

#7 Mtoto wa Mjomba

Naona wote mnazungumzia mzazi, nami nataka kuuliza ni mzazi yupi. Kwetu Masasi, kama kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wengi, ukoo hufuata upande wa mama, na kauli ya lini mtoto aende jandoni au unyagoni kwa desturi ilikuwa ya mjomba. Nilipokuwa mjumbe wa kamati ya shule tuliita mkutano wa wazazi kuzungumzia utoro wa wakati wa ngoma. Walikuja akina baba, wakakaa mstari wa mbele, wakakubali kila kitu, wakasaini mahudhurio. Wiki ya pili watoto kumi na moja hawakuonekana. Baba mmoja nilipomuuliza alinijibu bila wasiwasi kwamba yeye alikubali kwa upande wake, ila mjomba wa mtoto hakualikwa.

Mwaka uliofuata tuliandika barua mbili kwa kila nyumba, moja ya baba na moja ya mjomba. Waliotoroka wakawa watatu. Simaanishi kwamba dawa imepatikana, kwa sababu mwaka huo korosho nazo hazikuwa na bei na huenda sherehe zilipungua zenyewe.

#8 Mtani wa Newala

Mtu wa Masasi kuandika barua mbili ni jambo la kupongezwa, maana kwa kawaida ninyi hata moja hamjibu. Naweka kambi katika uzi huu.

#9 Ustadhi wa Pwani

Assalaam alaykum. Naomba nimpinge mleta mada katika jambo moja dogo. Anasema wavulana walicheka aliposema hedhi. Nenda madrasa yoyote ya Mikindani, Kilwa au Lindi mjini, utakuta watoto wa umri huo huo wanasoma mlango wa tohara, yaani usafi wa ibada, na humo zimo hedhi, nifasi (damu ya baada ya kujifungua), janaba na namna ya kuoga. Wanasoma kwa sauti, wanaulizwa mmoja mmoja, na hakuna anayecheka. Kwa hiyo neno lenyewe halina kosa. Watoto wanalijua kama neno la ibada, lenye hukumu na lenye utaratibu. Likiletwa darasani likiwa peke yake, pamoja na mchoro wa rangi, linavuliwa nguo zake.

Nakiri kwamba sisi nasi tunaishia kwenye hukumu. Namfundisha binti ni siku gani haswali, lakini sijawahi kumuuliza kama ana kitambaa.

#10 Mwalimu Mkoroshoni (mleta mada)

Ustadhi, sentensi yako ya mwisho imenikalisha kitako. Bibi wa #2, nashukuru kwa kunionesha kwamba mtoto alinistahi, maana mimi nilirudi nyumbani nikiamini kuwa amenidharau. Kuhusu ugeni wangu sina la kubisha, ila shuleni kwetu tuko walimu saba na mwalimu wa kike ni mmoja, naye yuko likizo ya uzazi. Nikikaa kimya kwa kuwa ni mwanamume, nani atasema?

#11 Mama Wawili wa Lindi

Mimi si mwalimu, ni mama wa watoto wawili na nauza vitenge sokoni. Naomba tuzungumzie maneno, kwa sababu naona ndiko mambo yanakoharibikia.

Tunawafundisha watoto kusema "sehemu za siri". Siku moja mwanangu wa darasa la pili alirudi kutoka kwa jirani akiwa mnyonge. Nilimwogesha, nikamuuliza kama kuna mtu aliyemgusa sehemu za siri. Akanyamaza. Nikauliza mara ya tatu. Akaniambia, "Mama, si umesema ni siri?" Nilikaa chini pale pale bafuni, beseni likiwa kati yetu. Kumbe mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, ndiye niliyekuwa nimemfundisha kunyamaza. Nashukuru kwamba lililotokea lilikuwa ugomvi wa watoto, alipigwa teke akaona aibu kusema, lakini lingeweza kuwa jambo jingine.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema "sehemu zako", na tunasema kwamba mtu akizigusa na kukuambia usiseme, basi hapo ndipo pa kusema. Dada yangu analiita hilo tusi. Anasema mtoto wa Lindi hafundishwi kutaja. Tumegombana naye kwa hilo na bado hatujaelewana.

#12 Mkulima wa Tandahimba

Bibi wa #2 amegusa jambo la umri akalipita. Nataka kulirudia, kwa kuwa nafikiri wengi humu mnatafuta sababu kwenye mila wakati sababu iko kwenye ghala.

Korosho zinavunwa kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, tunapeleka chama cha msingi, zinapigwa mnada, na fedha zinaingia kuelekea mwisho wa mwaka. Desemba shule zinafungwa. Kwa hiyo Desemba ndipo mkulima ana fedha na mtoto ana nafasi. Sherehe ya mwali inataka mchele, mbuzi au kuku, kanga za somo, wapiga ngoma na mavazi mapya ya mwali mwenyewe. Nikiwa na mabinti wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 8, na mwaka huu bei imekuwa nzuri, wakati wa mwakani siujui kwa sababu ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, unaweza kuingia shambani, nitawacheza wote wawili kwa pamoja. Nilifanya hivyo, na ndivyo jirani zangu wanavyofanya. Umri wa mwali unaamuliwa na mnada.

Mkitaka mtoto wa miaka minane asifundwe mambo ya wakubwa, zungumzeni na makungwi wapange mafunzo ya ngazi mbili, ya wadogo na ya waliopevuka, sherehe ibaki moja. Hilo mkulima atalielewa. Kusema "acheni mila" hatalielewa.

#13 Mzee wa Lukuledi

Anayedhani kwamba mvutano huu wa darasa na jando umeanza leo hajaijua Masasi. Wamisionari wa Kianglikana walipokuja kwetu waliona wazi kwamba mtoto asiyekwenda jandoni haonekani mtu mzima kijijini, hata akiwa amebatizwa na kusoma. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakupiga jando marufuku. Aliandaa jando la Kikristo: kambi ikabaki, wazee wakabaki, tohara ikafanyika kwa uangalizi wa tiba, na sala na mafundisho ya kanisa yakaingizwa humo.

Na kabla hajatokea wa kunisahihisha, naongeza mwenyewe kwamba alianza majaribio hayo kabla ya kuwa askofu. Upande wa wavulana ulikwenda vizuri kuliko upande wa wasichana, na sababu yake mleta mada ameionja Jumatano: unyago ulikuwa mikononi mwa akina mama, na padri mwanamume wa Kiingereza hakuwa na njia ya kujua kinachosemwa ndani. Karne imepita na mwanamume mgeni bado amesimama nje ya ua.

#14 Msomaji wa Ughaibuni

Niko Uingereza kwa masomo, kwetu ni Ruangwa. Msidhani huku wamemaliza. England wana vipindi vya malezi binafsi, ya kijamii na ya afya, na tangu Septemba 2020 elimu ya mahusiano ni ya lazima katika shule zote za msingi. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa urafiki, familia, ukweli na kumwambia mtu mzima anapoguswa vibaya. Elimu ya ngono kwa shule ya msingi haikufanywa lazima, na mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe, isipokuwa yale yaliyomo kwenye sayansi. Hata hivyo wazazi wa Birmingham waliandamana nje ya shule mwaka 2019 wakipinga baadhi ya mafundisho.

#15 Fundi Bomba

Ndugu wa #14, ahsante kwa habari za mbali, ila sisi wa uwanda wa Makonde turudi kwenye maji, maana naona mabandiko kumi na manne yamepita na hakuna aliyeyataja.

Kazi yangu ni mabomba. Nimeitwa na shule nyingi kurekebisha matangi ya kuvunia maji ya mvua. Huku juu visima vifupi havipatikani kirahisi, maji yanasukumwa kutoka mabondeni, na pampu ikikorofisha watoto wanakwenda shuleni na kidumu badala ya daftari la pili. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nimefika shule ambayo sikuhesabu zaidi ya matundu manne kwa shule nzima, na mlango wa choo cha wasichana ulikuwa gunia. Ukutani, kwa rangi ya bluu, pameandikwa "Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni." Hakuna ndoo. Mtoto anayesoma maandishi hayo kila siku kwa miaka saba anajifunza jambo moja, kwamba maneno ya shule ni ya kusoma tu.

Kwa hiyo mimi naona yule mwanafunzi wa mleta mada aliinamisha kichwa kwa sababu nyepesi zaidi: anafundishwa usafi wa hedhi mahali ambapo hawezi kuutekeleza.

#16 Chaki Nyeupe

Fundi, maji ni kweli, lakini usiyafanye jibu la kila kitu. Nimefundisha pia shule ya pwani yenye bomba. Tulitengeneza vibuyu chirizi sita kwa madumu ya lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, tukafunga na sabuni. Siku ya tatu sabuni zote sita hazikuwepo. Tuliwaadhibu darasa la saba. Wiki iliyofuata mwanafunzi wa awali alituonesha mwizi juu ya mwembe: kunguru, kipande cha sabuni mdomoni. Tuliwaomba radhi darasa la saba mstarini, na nadhani hilo ndilo somo la maadili lililowakaa kuliko yote niliyowahi kufundisha.

#17 Mzazi wa Mangaka

Maji na sabuni ni mambo madogo. Binti akishapata mimba shule ndiyo basi, na mwanamume analipa mbuzi mambo yanaisha. Hilo ndilo la kufundishwa.

#18 Muuguzi Mstaafu

Mzazi wa #17, yote mawili yamepitwa na wakati. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua. Na mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamwekea anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo cha miaka 30, kwa hiyo anayepokea mbuzi anajiingiza matatani. Kilichobaki na utata ni Sheria ya Ndoa ya 1971, inayomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya vifungu hivyo, na Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu mwaka 2019.

Lakini siafiki kwamba sabuni ni jambo dogo. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa 2018 na kurudishwa 2019, na dukani kijijini bei haikushuka hata kwa mwaka ule mmoja. Nimeona binti akitumia sifongo aliyoichomoa kwenye godoro.

#19 Mama Wawili wa Lindi

Dada Muuguzi, hata mimi nilitumia sifongo nikiwa darasa la sita. Somo wangu alinifunda kukunja kitambaa, kukifua na kukianika, ila kianikwe ndani, chini ya nguo nyingine, kisionekane. Shuleni, miaka ile, mama mmoja kutoka zahanati alituambia kianikwe juani ili vijidudu vife. Nilikianika ndani. Nilimwogopa somo kuliko vijidudu.

#20 Bibi wa Mikindani

Binti yangu wa #19, huyo somo wako alikuwa anakukinga na macho ya watu, naye hakuwa na habari ya vijidudu. Angeambiwa na mtu anayemheshimu, angefunda hivyo: anika juani, ila nyuma ya nyumba. Shida ni kwamba wanaokuja kutuelimisha hutuita sisi makungwi baada ya kuwa wameshaandika kila kitu, wanatupa soda na kanga, tunapigwa picha, basi.

#21 Mwalimu Mkoroshoni (mleta mada)

Narudi na taarifa. Kwanza niliweka boksi la maswali darasani, boksi la chaki lenye tundu juu, na nikaruhusu kuandika bila jina. Yametoka maswali ishirini na tatu. Kumi na mawili yanauliza kama nitaulizia mambo haya kwenye mtihani, kwa hiyo Mwalimu wa #5 apokee ushindi wake mdogo. Yaliyobaki ni kama haya: je, mtu aliye mwezini akipita shamba la maboga, maboga hupasuka? Je, mvulana anaweza kuwa na somo? Na moja, kwa penseli, herufi zikiwa zimekandamizwa hadi karatasi ikatoboka: "Mtu akikuambia usiseme na wewe hukuahidi, unaweza kusema?" Hilo sikulisoma mbele ya darasa. Nimelipeleka kwa mwalimu mkuu na kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, na siandiki zaidi hapa.

Pili, nilimwendea bibi mmoja wa kijijini anayecheza mabinti unyago, nikaenda na mke wangu. Nilimwambia nataka aje darasani. Alicheka sana. Akasema atakuja kwa masharti matatu: wavulana wakae na mwanamume wao chumba kingine, mchoro wangu ufutwe, na mimi nisiwepo. Nimekubali mawili. Mchoro bado tunajadiliana. Mwalimu mkuu anataka barua ya ofisa elimu kata, na ofisa huyo anataka kujua mama huyo atafundisha mada namba ngapi ya mtaala.

#22 Mtoto wa Mjomba

Barua iwe mbili, mwalimu. Na wavulana watakaa na nani?

#23 Mwalimu Mkoroshoni (mleta mada)

Na mimi. Nimeanza kujizoeza upya usiku.

#24 Mtani wa Newala

Naomba kumuuliza Chaki Nyeupe wa #16, kabla uzi haujafika mbali: zile sabuni hatimaye mliziweka ndani ya nini, maana hapa kwetu kunguru wameshaanza.

#25 Chaki Nyeupe

Ndani ya soksi, ikafungwa kwa kamba. Soksi nazo zimeanza kupotea, na safari hii si kunguru.